Bei ya Kumsafisha Watasema

Winfrida, umeniomba nikuandikie, wewe na wenzako mliobaki kwenye kliniki ya mifugo pale Mjimwema, kwa nini kumsafisha mbwa huyu kuna bei hii, na yule wa kimo kilekile kuna bei nyingine. Unasema wateja wanakusumbua, na daktari sasa anataka kubandika karatasi ya bei ukutani. Mwache aibandike. Ikishakaa vizuri, wewe fanya kazi kama nilivyokufundisha, na karatasi iendelee kuziba ule ufa wa ukuta.

Habari za vyeo na mishahara hutazikuta humu. Nilianza na beseni nikamaliza na beseni, ila la mwisho lilikuwa kubwa zaidi. Nitaandika kazi, na zaidi nitaandika juu ya mbwa mmoja anayeitwa Watasema, ambaye nilimtajia bei kabla sijamgusa. Kosa lenyewe halikuchukua hata dakika. Kulilipia kumenichukua miaka kumi na mmoja, na mwishoni nusura mbwa mwenyewe apotee.

Nilifika pale kufagia. Mbwa nilikuwa nawaogopa tangu siku mbwa wa jirani aliponichania gauni la Komunyo ya Kwanza, nikaingia kanisani nimeshikilia pindo kwa nyuma. Kwa hiyo siku yangu ya kwanza kazini niliifagia nafasi ya nyuma ya mlango kwa saa nzima, mpaka ikawa safi kuliko chumba cha upasuaji. Hapo ndipo aliponikuta Mzee Ansgari. Alikuwa Mmatengo wa Mbinga, mfupi, mkimya, ambaye ujanani mwake alikuwa akinyoa kondoo wa misheni. Daktari alimwajiri kushika ng'ombe, lakini mbwa wa manyoya marefu walipoanza kuletwa mjini, ni yeye peke yake aliyekuwa na mkasi.

"Unaogopa, binti?" akaniuliza.

"Hapana, baba."

"Mimi unaweza kunidanganya. Huyo je?" Akanionyesha dume moja jeusi lililofungwa kwenye meza. "Mwambie ukweli, maana anaujua."

Nikamwambia mbwa, "Naogopa." Mbwa akanitazama, akapiga mwayo. Tangu siku hiyo nimewaambia mbwa wengi maneno hayo, na baadhi yao walinielewa kuliko wachumba niliokuwa nao wakati ule.

Baada ya miezi michache Mzee alishikwa na malaria, akaletwa mbwa mmoja mwenye mafundo ya manyoya kila mahali. Mimi kwa kujituma nikamtia kwenye beseni, nikamwosha kwa sabuni na maji tele. Aliporudi Mzee alimgusa mara moja tu. "Umefua godoro," akasema. Ndiyo siku niliyojua kwamba maji yakigusa fundo, fundo linakaza, na kazi ya saa mbili inakuwa ya siku mbili. Fundo linafunguliwa likiwa kavu, kwa unga wa mhogo uliochekechwa na vidole, kisha kitana cha chuma kuanzia nchani kwenda ngozini. Beseni ni la mwisho. Mtu anayekupa bei ndogo huku tayari amewasha maji, mkimbie.

Watu wanadhani mbwa anapimwa kwa kimo, kama mahindi yanavyopimwa kwa debe. Pale pale Mjimwema alikuwepo mbwa wa ghala la mahindi, mkubwa kama ndama, manyoya mafupi, na tulikuwa tunammaliza kabla chai haijachemka. Halafu akaletwa kijibwa kimoja cha mkononi, chenye nywele za kujiviringisha, kikatutoa jasho mpaka adhuhuri. Mwenye mbwa mkubwa akilipa kidogo na mwenye kijibwa akalipa mara tatu, wote wawili wataondoka wanaamini wameibiwa, na huo ndio usawa.

Mvua zikianza, ongeza. Udongo mwekundu wa Ruhuwiko ukishaingia kati ya vidole vya mbwa unatoka baada ya maji ya tatu. Mwezi wa sita na wa saba, ongeza tena, kwa sababu baridi yetu hii ya Songea ukimrudisha mbwa mbichi nyumbani umempelekea mwenyewe nimonia. Lazima akaushwe, na mashine ya kukaushia inakula umeme. Umeme ukikatika ni taulo, jiko la mkaa, na watu wawili wa kubadilishana mikono. Anayeuma naye anahitaji watu wawili, mmoja wa kazi na mmoja wa kusali. Kuna na yule aliyeogeshwa nyumbani kwa sabuni ya unga ili kuokoa fedha, akaletwa ngozi imebabuka. Kwa huyo tunaanza na dawa, tena kwa wiki mbili, na mwenyewe anatuuliza kwa nini bei imepanda.

Bei ya mwenye mbwa ipo pia, ingawa karatasi ya daktari haitaitaja. Mama mmoja aliniuliza mbele ya watu kama kazi hii nimeisomea. Nilimjibu nimeisomea. Kisha nikamkata mbwa wake kucha kumi na nane, na kila ukucha nikamweleza mama jina lake, mishipa yake na hatari zake, mpaka akakumbuka amebandika maharage jikoni. Ukweli ni kwamba mwenye mbwa akikaa karibu, mbwa hatulii. Mzee Ansgari alikuwa anawaambia wote, hata wakubwa wa serikali, "Kanywe chai." Lile duka la chai lililo mkabala nasi lilijengwa na Mzee Ansgari, ingawa mwenye duka hajui.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa moja, na alilirudia kila asubuhi. "Usitaje bei kabla ya kuingiza mkono." Macho yanaona mbwa kwa juu. Mkono unaingia nyuma ya masikio, kwapani, kifuani, chini ya mkia, mahali ambapo hata mwenyewe hajawahi kufika. Mkono ukitoka, ndipo mdomo ufunguliwe. Nilimwitikia kila asubuhi, na nilimwelewa vizuri kabisa, mpaka siku alipokuja Mzee Kihwele.

Mzee Kihwele alikuwa Mhehe wa Iringa, mrefu, mwenye masharubu mazito, aliyekuja Songea kujenga barabara akanunua kiwanja Ruhuwiko akabaki. Mimi ni Mngoni. Babu zetu walipigana, na walipochoka kupigana wakatuachia utani. Mtani ana haki ya kukutukana hadharani, kukunyang'anya kofia, hata kuzuia maiti wako asitoke nyumbani, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Mimi hasira zangu ziko karibu, kwa hiyo mila hii nimeigharamia kuliko Wangoni wengine. Mnajua pia Wangoni huwaambia nini Wahehe kuhusu mbwa na sufuria. Neno lenyewe siliandiki, kwa kuwa mtani wangu hayupo wa kunijibu.

Aliingia na mbwa mweupe, manyoya marefu yanang'aa mgongoni, mkia umejikunja juu. Pale kwenye benchi walikuwa wamekaa masista wawili na mbwa wao wa ulinzi. Mzee Ansgari alikuwa pembeni ananoa mkasi.

"Kamwene, mateka wangu," akanisalimia kwa sauti ya kusikika barabarani.

"Shikamoo, mtani. Nani kamteka nani?"

"Marahaba. Kawaulize babu zako, kama walibaki wa kuulizwa. Huyu anaitwa Watasema. Kumsafisha bei gani?"

"Niachie nimshike kwanza."

Akawageukia masista. "Mnaona? Mngoni ukimwuliza vita anajibu papo hapo. Ukimwuliza bei anaomba muda."

Masista wakacheka. Wasingecheka wale, mengine yote yasingetokea.

"Elfu kumi," nikasema.

Mzee Ansgari akakohoa. Hakuwa na kikohozi.

"Masista, ninyi ni mashahidi," akasema Mzee Kihwele. "Elfu kumi, kwa kinywa chake mwenyewe. Mtani hatoi neno akalirudisha." Akaenda kunywa chai bila hata kuambiwa.

Nikaingiza mkono. Nyuma ya sikio uligota. Kwapani uligota. Tumboni manyoya yalikuwa yameshikana yakawa mkeka mmoja, na ndani ya mkeka ule nilitoa ganda la karanga, njiti ya kiberiti na kishikizo cha shati. Mgongo peke yake ndio uliokuwa safi, kwa sababu huko ndiko alikokuwa anachanwa kila Jumapili kabla ya misa. Mbwa wa namna ile bei yake ilikuwa elfu thelathini kwa upole.

Mzee alipotoka kwenye chai nilimwambia hakuna njia, mafundo yanavuta ngozi, mbwa anaumia, itabidi nimnyoe wote. Nilijua pia kunyoa kutaniokoa. Hapo uso wake ukabadilika.

"Tumbo nyoa, na kwapa nyoa," akasema, na sauti ilikuwa ndogo. "Mgongo usiuguse. Mama alikuwa analaza mkono hapo."

Ndipo akanieleza. Mbwa alikuwa wa mke wake. Alimleta kutoka Dar akiwa mdogo wa kukaa kwenye kikapu, na jina akampa yeye, kwa kuwa majirani walisema mtu mzima hanunui mbwa wa manyoya kabla hajanunua mbuzi. Mwaka haukuisha, mke akafariki. Mzee alikuwa akimchana mbwa kwa kitana cha marehemu, mahali palepale alipozoea kuona mkono wa mkewe, na mahali pengine hakuwa anajua kama panachanwa. Nilisikia aibu, Winfrida, kwa kumpima mtu kwa masharubu yake.

Kazi ilinichukua siku tatu, vipindi vifupi vifupi ili mbwa asichoke, na mgongo sikuugusa. Mzee Ansgari aliniletea unga wa mhogo bila kuombwa. "Fundo halikukosea, Truda," akaniambia. "Mdomo ndio ulikosea." Mzee Kihwele alipokuja kumchukua nilimkabidhi na kile kishikizo. Alikitazama, akasema alikuwa anakitafuta tangu Pasaka.

Msidhani aibu yangu ilimfanya anihurumie. Alikuja kila baada ya miezi miwili, na kila alipokuja aliweka elfu kumi mezani na kusema, "Masista walisikia." Shampuu ilipanda, umeme ulipanda, Mzee Ansgari alirudi Mbinga kwenye kahawa yake akaniachia ule mkasi ulio mkononi mwako sasa, na Watasema alibaki elfu kumi. Kukasirika sina ruhusa. Kwa hiyo mwaka wa pili nilimnyoa mbwa mdomo kwa ustadi mkubwa nikamwachia masharubu, mazito, ya kuteremka pembeni, sawasawa na ya bwana wake. Mzee hakuona mpaka amefika nyumbani. Walioona ni watu wa Ruhuwiko, na nasikia pale njia panda kijana mmoja mwenye adabu alimwamkia mbwa kwanza. Safari iliyofuata Mzee aliingia kliniki, akaweka elfu kumi, akasema, "Mpunguze kidogo upande wa kushoto. Wangu umepungua." Tukacheka mpaka daktari akatoka kuona kuna nini.

Tulienda hivyo miaka. Mwaka huu masika yalipoanza hakuja. Niliuliza nikaambiwa anaumwa, niende nikamwone, nami nikasema nitakwenda nikimaliza kukabidhi kazi. Nikakabidhi kazi. Nikapumzika wiki. Ndivyo ninavyosema mwenyewe, lakini ukweli ni kwamba nilichelewa, na niliposikia tena habari zake ilikuwa ni msiba.

Nilikwenda nikafanya linalompasa mtani. Nilichukua kofia yake ya njano ya barabarani iliyokuwa inaning'inia ukutani, nikaivaa, nikatembea kama yeye katikati ya waombolezaji, mikono nyuma. Nikaligonga jeneza. "Mbao gani hii? Bei gani? Masista walikuwepo mlipoinunua?" Watu waliokuwa wanalia wakacheka, na waliokuwa wanacheka wakalia, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kisha nikaenda nyuma ya jiko kunywa maji, nikamkuta Watasema amefungwa kwenye nguzo. Jicho moja lina ukungu. Miguu ya nyuma inatetemeka. Hapo hapo nikamsikia Deo, mtoto wa marehemu aliyetoka Dar, anamwambia mwenzake kwamba mbwa anaondoka kesho na lori kwenda Nalasi, kule Tunduru, kulinda mikorosho ya rafiki yake.

Mbwa wa miaka kumi na mitatu, mwenye manyoya ya baridi, apelekwe kwenye jua la Tunduru akafukuze wezi. Asingemaliza mwezi.

"Deo, mwanangu," nikamwambia kwa adabu zote, "niachie huyu mimi."

"Samahani, mama. Nimeshamwahidi mtu, na lori limeshapangwa. Halafu huyu ni mbwa tu, wewe umepumzika kazi, unamtaka wa nini?"

Hasira zilinipanda mpaka masikioni. Lakini mtani hakasiriki, na Deo alikuwa mfiwa. Hakuna mila yoyote, hata hivyo, inayomkataza mtani kukaa. Nilimfungua mbwa, nikamwongoza kwa kamba mpaka mlango wa mbele, nikakaa kizingitini na kofia yangu ya njano, nikanyoosha miguu. Waliobeba jeneza wakafika, wakasimama.

"Mtani, tupishe," akasema baba mkubwa wa Deo, mzee aliyetoka Iringa.

"Hatoki."

Akatabasamu kidogo, akaniwekea elfu mbili mapajani kama desturi ilivyo. Nikazirudisha mfukoni mwake. "Leo sichukui hela. Namchukua mbwa."

"Baba mkubwa," akasema Deo, "yule mbwa ana mwenyewe."

"Wewe umekulia Dar," mzee akamjibu. "Mtani akishika kitu cha marehemu, kimeshikwa. Kinakombolewa tu." Akanigeukia. "Haya, mtani, taja bei yake, tumkomboe, tukamzike ndugu yetu. Watu wamesimama na mzigo."

Wote wakasubiri niseme elfu tano, elfu kumi. Ningetaja fedha yoyote, Deo alikuwa nayo mfukoni, na mbwa angepanda lori. Safari hii nikaingiza mkono kwanza. Nyuma ya sikio, fundo. Kwapani, fundo. Tumboni, mkeka uleule wa siku ya kwanza. Nikapanda mgongoni, nikakuta laini. Mzee alikuwa ameugua masika yote, hawezi kuinuka, na mgongo bado ulikuwa umechanwa. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nililia palepale kizingitini, mtani mzima, na kofia ikaniangukia usoni.

"Bei ya mbwa huyu ni bwana wake," nikasema. "Mrudisheni yeye, nami nitamwachia mbwa."

Hakuna aliyecheka. Baba mkubwa alitazama jeneza, akamtazama Deo.

"Hatunaye," akasema.

"Basi kamzikeni."

Nikakunja miguu, wakapita. Tulipotoka makaburini Deo alipiga simu Nalasi mbele yangu, akasema mbwa hayupo tena. Kisha akanipa kitana cha mama yake.

Sasa Watasema analala kibarazani kwangu, na majirani, kama jina lake lilivyoahidi, wanasema. Jumapili kabla ya misa namchana. Na juzi, Winfrida, nilipomleta kwako kwa kuwa vidole vyangu siku hizi havikunji vizuri, ulimwona anang'aa. Nilisimama pale mlangoni nikakwambia, bila haya, "Huyu ni elfu kumi. Masista walisikia."

Uliingiza mkono nyuma ya sikio, ukashuka nao kwapani, na hapo mkono ukasimama. Ukanitazama. Lilikuwa fundo, maana hata mimi nilikuwa namchana mgongo tu.

"Elfu thelathini na tano, mama," ukasema. "Nenda kanywe chai."

Nikanung'unika kama mteja yeyote. Kisha nikalipa yote, nikavuka barabara, nikaagiza chai.